Uchovu wa madaktari tarajali uanze kutibiwa kwenye ratiba ya zamu

Daktari tarajali, yaani aliyehitimu chuo na yuko kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini, huingia wodini akiwa na ari kubwa. Baada ya miezi michache, wengine hubadilika. Mgonjwa anaitwa "yule wa namba saba", dawa inaandikwa bila kumtazama usoni, na ndugu wakiuliza jambo wanajibiwa kwa ukali. Watu husema ana kiburi. Sisi tunaohudumia afya ya akili ya watumishi huwa tunajiuliza kwanza amelala lini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii, uchovu wa kazini (kwa Kiingereza "burnout"), hutokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Halikuiita ugonjwa. Dalili zake ni kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kujiona hufanikishi lolote. Kwa kuwa chanzo kiko kazini, kumwambia kijana aliyekesha ajikaze hakumsaidii. Kwa maoni yangu kunamwongezea mzigo, maana sasa anaona aibu pia.

Usingizi ndio wa kuanza nao. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na umakini kama aliyekunywa pombe ya kutosha kukamatwa barabarani katika nchi nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 huko Boston, Marekani, ulionyesha kwamba madaktari tarajali wa chumba cha wagonjwa mahututi waliofanya zamu ndefu zinazovuka saa 24 walikosea makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi kuliko zamu zilipofupishwa. Jimbo la New York lilishaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki tangu 1989, baada ya kifo cha binti wa miaka 18, Libby Zion, aliyehudumiwa hospitalini na madaktari vijana wa zamu ndefu. Saa 80 bado ni nyingi mno.

Lakini zamu fupi zenye makabidhiano ya ovyo huhamisha tu hatari kutoka kwa daktari kwenda kwa mgonjwa. Makabidhiano yafanyike kando ya vitanda, si kwenye korido mtu akiwa amebeba begi lake tayari. Anayetoka aseme nani hali yake inatia shaka, majibu ya damu ya nani yanasubiriwa, na hali ikibadilika apigiwe nani. Huyo wa kupigiwa ndiye muhimu kuliko yote. Kijana akijua kwamba saa tisa usiku daktari bingwa atapokea simu na hatamfokea, atapiga mapema. Akiogopa, atabaki peke yake na mama anayevuja damu, na usiku wa namna hiyo humkaa moyoni kuliko saa nyingi za kazi.

Mgonjwa akifariki, bingwa akae na tarajali dakika chache kabla tarajali huyo hajaitwa kwa mgonjwa mwingine: wapitie kilichotokea, na aambiwe wazi lipi lilikuwa nje ya uwezo wake.

Tarajali anayekosa usingizi hata siku ya mapumziko, anayetegemea pombe au anayewaza kufa apelekwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Hospitali zihakikishe mtaalamu huyo si yule anayesaini kitabu cha tathmini ya mafunzo yake. Vijana wengi hukaa kimya kwa kuhofia saini hiyo.