Mhusika wangu si mvumilivu

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyeisoma hadithi yangu kwa makini: "Lakini wanawake wa Bara Hindi si wameumbwa na uvumilivu?" Hapana. Na nimechoka kulijibu swali hili kwa upole.

Hadithi yenyewe inatokea Punjab, jimbo lililokatwa vipande viwili katika mgawanyo wa 1947 uliozaa India na Pakistan. Wanawake walitekwa pande zote mbili za mpaka, Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Hilo wengi mnalijua. Linalonikera ni lililofuata. Mwaka 1949 India ilitunga sheria ya kuwarejesha Waislamu waliotekwa na kubaki upande wake. Soma inavyomtafsiri "aliyetekwa": mtoto wa kiume aliye chini ya miaka 16, au mwanamke wa umri wowote. Wa umri wowote! Mvulana akitimiza 16, sheria inamwacha. Mama wa miaka 40, polisi wanamchukua bila hati, na ukizuka ubishi, baraza ndilo linaloamua.

Wapo waliolilia kurudi kwao. Wapo waliokataa katakata: wakajificha, wakagoma kula katika kambi walizowekwa wakingoja kurejeshwa. Walikuwa wamekwisha kuzaa, au walijua nyumbani hawatapokelewa.

Sasa yote hayo uyaite uvumilivu? Kuvumilia, tunavyolitumia neno hili kwa mwanamke, ni kumeza na kunyamaza. Ninachoandika mimi ni kustahimili: mtu amebanwa kila upande na bado akili yake inapima. Polisi wanapobisha hodi, mhusika wangu yuko jikoni, chapati iko kwenye chuma. Anaigeuza. Anaikandamiza ukingoni kwa kitambaa, anangoja upande wa pili uive, kwa sababu huo ndio muda alio nao wa kuamua mtoto apitishwe mlango wa nyuma au la. Wasomaji wameona utulivu. Mimi niliandika mwanamke anayepiga hesabu.

Lipo linaloninyima usingizi, na jibu sina. Mwenye nyumba ile ndiye aliyemteka. Nikimwandika akikataa kuondoka, je, simsafishi mtekaji? Ukurasa huo nimeuandika upya mara tatu. Katika rasimu ya sasa hakuna panaposemwa kwamba anampenda. Anaepua chapati, anafuta unga mikononi, anamuuliza askari: "Na mwanangu, mnampeleka wapi?"