Kiti umepewa, sasa utatokaje nyumbani?

Viti vya magurudumu hugawiwa viwanjani, wakubwa wakihutubia na picha zikipigwa. Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi hapa Busia, upande wa Uganda, na kazi yangu huanza sherehe ikishaisha: kumpima mtu, kumrekebishia kiti, kumfundisha kukiendesha. Kila anayepata kiti namfurahia. Lakini kiti peke yake hakimfikishi mtu sokoni, shuleni wala kituo cha afya. Kinamfikisha mlangoni. Kuanzia hapo anahitaji njia inayopitika, kivuko kwenye mtaro, na gari litakalokubali kumbeba. Kimoja kikikosekana, anarudi ndani.

Kuhusu kiti chenyewe nitasema machache. Vingi vinavyogawiwa ni vya aina ya hospitali, vyenye magurudumu madogo ya mbele yanayotaka sakafu laini. Kwenye murram ya kwetu, yaani barabara za udongo na changarawe, yanazama mvua ikinyesha na kukwama kwenye kokoto wakati wa kiangazi. Mtu wa kijijini anafaa apate kiti cha magurudumu matatu, lile la mbele likiwa limesogezwa mbali na miguu, au baiskeli ya kuendesha kwa mikono. Tangu 2008 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo kwamba kiti kifuate mwili wa mtu na mahali anapoishi. Kwetu bado watu wanapewa kilichopo kwenye kontena.

Hiyo baiskeli ya mikono, mtu wa Busia hahitaji kuelezwa ni nini. Kwa miaka mingi watu ambao miguu yao ilipoozeshwa na polio wamevusha mizigo mpakani kwa baiskeli hizo: magunia ya nafaka, katoni za sabuni, madumu ya mafuta ya kupikia, kijana akisukuma nyuma na mwenye baiskeli akizungusha pedeli kwa mikono. Waliitwa wachukuzi na wakalipwa kama wachukuzi. Kwa kazi hiyo wapo waliojenga na kusomesha watoto. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mlemavu hawezi kusafiri, ninamwonyesha barabara ya mpakani. Mtu yule yule anayevusha gunia la mahindi hadi Kenya hupata shida siku anayotakiwa hospitali Mbale au Kampala, kwa sababu baiskeli yake haiingii kwenye taksi, yaani basi dogo la abiria, na taksi ndiyo usafiri tulio nao.

Taksi zetu nyingi ni Hiace za abiria 14. Sakafu iko juu, mlango wa kuteleza ni mwembamba, na ndani kuna viti vya kukunja vinavyoziba njia. Abiria wa kiti cha magurudumu anapofika steji, mara nyingi hakuna anayemuuliza kitu. Konda anamshika makwapani na kuvuta, mwingine anakamata miguu, dereva yuko mbioni. Makalio yanaburuzwa juu ya reli ya chuma ya mlango. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu pale. Atajua jioni akiona damu kwenye nguo, au baada ya siku kadhaa harufu ikianza. Nimehudumia vidonda vya namna hiyo vilivyokula nyama hadi mfupani, na kupona kwake ni kwa miezi, mgonjwa akilala kifudifudi wakati wote huo. Anayeumia hivyo ni mtu aliyetoka nyumbani akiwa mzima, akienda kwenye shughuli zake.

Bega nalo huteguka kirahisi kwa mvuto huo. Bega ndilo mguu wa mtu wa kiti: analitumia kusukuma magurudumu, kuhamia kitandani, kujiinua chooni. Ukilitegua, umemlaza.

Namna sahihi si ngumu, na makonda ninaowafundisha huishika upesi. Kwanza muulize mwenyewe anataka abebwe vipi, maana amebebwa mara nyingi kuliko ulivyowahi kubeba. Kiti kisogezwe karibu kabisa na mlango, breki zifungwe. Abiria akunje mikono kifuani. Wa nyuma apitishe mikono yake chini ya makwapa na kushika ile mikono iliyokunjwa, wa pili ashike chini ya mapaja, karibu na magoti. Mhesabu pamoja, mnyanyue, msiburuze hata kidogo. Kisha jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: mto wa kiti lazima uhamie naye. Ukifungwa juu ya keria pamoja na kiti, mwenyewe atakalia chuma kilichofunikwa turubai kwa kilomita kama 200 mpaka Kampala, na kidonda kitaanza hata kama alinyanyuliwa vizuri.

Halafu inakuja nauli. Mama mmoja ninayemhudumia aliambiwa na konda, "Mama, hiki kiti kinachukua nafasi ya mtu, nacho kinalipa." Akamjibu kwa upole, "Mwanangu, miguu yako wewe huwa unailipia?" Alilipa mara mbili hata hivyo, kwa sababu kliniki ilikuwa inamsubiri. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote, kwa sababu kulirekebisha hakuhitaji simenti wala mkopo wa benki. Chama cha madereva wa steji kikiamua kwamba kiti hakilipi, siku hiyo hiyo kimeacha kulipa.

Sheria haijakosekana. Ibara ya 35 ya Katiba ya 1995 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na utu wao kulindwa. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na ibara yake ya 9 inataja usafiri waziwazi, sambamba na majengo na mawasiliano. Mwaka 2020 ikapatikana sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2006. Maoni yangu ni kwamba mahali pa kubana ni kwenye leseni: gari lisiruhusiwe kubeba umma kabla mwenyewe hajaonyesha abiria wa kiti ataingilia wapi na kiti chake kitakaa wapi.

Magari yanayofaa yapo. Basi la umeme la Kayoola EVS, linaloundwa hapa hapa Uganda na kampuni ya Kiira Motors, ni la sakafu ya chini. Lakini sakafu ya chini inataka kituo kilichoinuliwa kidogo, chenye ukingo imara. Basi likisimama kando ya mtaro wenye tope, faida yake inapotea. Mwendokasi ya Dar es Salaam, iliyoanza 2016, ilijengewa vituo ambavyo jukwaa liko usawa na sakafu ya basi. Anayefaidika ni mwenye kiti, na pia mjamzito, mzee wa magoti mabovu, na mchuuzi mwenye beseni la nyanya.

Nikirudi kwenye barabara zetu, adui mkubwa ni mtaro wa wazi. Barabara inawekewa lami, maji yanachimbiwa njia pande zote mbili, na kila mwenye duka anajiwekea ubao wa kuvukia. Ubao hauvukishi kiti. Kwenye majengo nako, penye njia ya mteremko ya kupandia kiti badala ya ngazi, mara nyingi imewekwa ili ionekane ipo. Kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi mbili za sentimita 15 zinataka mteremko wa mita 3.6. Nimeona ofisi ambayo ngazi za namna hiyo zimejengewa mteremko wa mita moja. Ukiupanda peke yako, kiti kinapinduka kwa nyuma na kisogo kinapiga simenti. Afadhali wasingeujenga, kwa sababu sasa wanahesabiwa kuwa wametimiza wajibu.

Kila baraza la wilaya lina madiwani wawili wanaowakilisha watu wenye ulemavu, mmoja wao mwanamke, na kabla ya makadirio kupitishwa wilaya huita mkutano wa bajeti. Huko ndiko ninawahimiza wenye viti na jamaa zao waende, mapema, kabla mkandarasi hajapewa kazi. Nendeni mkiwa na orodha fupi ya mahali panapojulikana: mtaro wa mbele ya kituo cha afya, geti la shule, steji ya taksi. Pimeni kwa futi kamba upana na kimo cha kila kimoja, mwandike, kisha mkabidhi nakala moja kwa diwani wenu na nyingine kwa mhandisi wa wilaya. Kifuniko cha zege kikiingia kwenye michoro tangu mwanzo, kinajengwa pamoja na mtaro. Kikisahaulika, mtaambiwa msubiri bajeti ya mwaka mwingine.