Jiwe la pinki kukwaruza kioo hakulifanyi liwe rubi

Kila jiwe la pinki linaloshuka Tanga mjini kutoka bonde la Umba hufika likiwa limeshabatizwa rubi, na ushahidi ni ule ule: "Limekwaruza kioo." Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs, cha 1 hadi 10, kioo cha dirisha kina kama 5.5. Rodolaiti, yaani garneti ya pinki inayoelekea zambarau, ina 7 hadi 7.5. Rubi ina 9. Hata kwatsi, madini ya kawaida ya mchanga, yenye 7 itakichora kioo hicho. Sasa hapo umepima nini? Umemegua ncha ya jiwe la mwenzio, basi.

Ubishi hauishi kwa sababu Umba hutoa rubi na safaya kweli. Refraktomita nayo, chombo kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, usiamini namba yake peke yake: rodolaiti husoma karibu 1.76, rubi 1.76 hadi 1.77. Muhimu ni kuligeuza jiwe na kuangalia kama mstari wa kivuli ndani ya chombo unabaki mmoja (garneti) au unagawanyika miwili (rubi).

Kipimo ninachokipenda ni sumaku. Weka jiwe juu ya kipande chembamba cha stairofomu, kielee kwenye bakuli la maji yaliyotulia, kisha sogeza sumaku ya neodimiamu pembeni bila kugusa. Rodolaiti ina chuma, kwa hiyo itaifuata polepole. Rubi haifuati. Funga feni kwanza, maana upepo wake utasukuma stairofomu na utadanganyika.

Kwa filamu mbili za polaroidi (plastiki zinazochuja mwanga) zilizopishanishwa, jiwe likiwa katikati, vitabu vinasema garneti hubaki nyeusi ukiizungusha. Si mara zote. Garneti nyingi huonyesha vivuli vya mawimbi kwa sababu ya mkazo ndani ya jiwe, na mtu mwenye haraka huviita rubi. Rubi huwaka na kuzima waziwazi, mara nne kwa mzunguko mmoja. Ikikutatiza, ligeuze ulitazame kwa upande mwingine.

Mzani? Jiwe la karati 5.00 likiwa rubi litasoma karibu 3.75 ndani ya maji. Rodolaiti karibu 3.70. Viputo vya hewa vilivyoshika jiwe vinaweza kula tofauti yote hiyo.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini. Usitumie mvuke. Usilifute likiwa kavu: vumbi letu lina chembe za kwatsi, nazo hufifisha kingo.

Na ile ya pinki inayoelekea chungwa, iliyojulikana Umba miaka ya 1960, dunia nzima inaiita garneti ya malaya, neno letu wenyewe. Inasimuliwa kuwa wachambuzi waliokuwa wakitafuta rodolaiti waliitenga kwa kutofanana na ukoo wowote. Mpaka wake na rodolaiti hauko wazi. Mawe ya katikati hata maabara mbili zinaweza kuyapa majina tofauti. Hayo mimi huyaandikia "garneti" tu kwenye risiti, na ninaeleza rangi.