Dilip Kumar, steringi aliyeshusha sauti wakati wenzake wanapaza

Mimi nafundisha uigizaji, na wanafunzi wangu wengi ni vijana waliokulia kwenye Bongo Movie na tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti ya Kiswahili, kwahiyo nikiwaambia mtu wa kwanza tutakaemsoma ni Dilip Kumar, staa wa zamani wa sinema za Kihindi, wanashangaa kidogo. Wengine jina wanalijua kwa bibi zao tu. Na bibi zao walikuwa na haki ya kulijua maana miaka ya 50 na 60 ukanda wetu huu, Unguja, Mombasa, Dar, sinema za Kihindi zilikuwa zinajaza majumba, Majestic kule Unguja, Avalon hapa Dar, watu wanatoka macho mekundu na Kihindi chenyewe wengi hawakijui.

Sasa hilo la mtu kulia na maneno hajaelewa ndo linanivutia sana kwa huyu bwana, kwasababu halikutokea kwa bahati. Kuna kitu alikuwa anakifanya.

Jina lake la kuzaliwa ni Muhammad Yusuf Khan, kazaliwa Peshawar tarehe 11 Desemba 1922, mji ambao leo uko Pakistan, mtaa wa Qissa Khwani. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa matunda, familia ikahamia upande wa Bombay. Kijana akagombana na mzee wake akaondoka nyumbani kwenda Pune, huko akapata kazi kwenye kantini ya klabu ya jeshi la Waingereza, akafungua meza yake ya kuuza sandwichi na biashara ikakubali, mpaka siku moja akatoa maneno ya kutetea uhuru wa India mbele za watu na usiku huo akalala gereza la Yerwada. Yaani mpaka hapo hakuna hata dalili ya muigizaji.

Kazi ya filamu aliipata kwa Devika Rani, mama aliyekuwa anaendesha studio ya Bombay Talkies. Alimkuta kijana mpole anayeongea Kiurdu kizuri, akamwambia atamlipa rupia 1,250 kwa mwezi. Yusuf hakuamini, akadhani labda ni za mwaka mzima, kwasababu rafiki yake Raj Kapoor, naye wa kazi za filamu, alikuwa analipwa 170 tu kwa mwezi. Huyo mama ndo alimpa jina la Dilip Kumar, na yeye akalipokea kwa mikono miwili maana mzee Khan alikuwa anadharau sana kazi ya uigizaji, alikuwa anamcheka hadi rafiki yake mzee Kapoor, babu yake Raj, kwamba mwanae Prithviraj kawa mchezaji wa maigizo. Kwahiyo lile jina lilimkinga pia na kipigo cha nyumbani.

Filamu ya kwanza, Jwar Bhata ya 1944, haikufika mbali. Jugnu ya 1947 ndo ikamtoa.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Filamu za India zilianza kuwa na sauti 1931, na waigizaji wengi wa mwanzo walitokea jukwaani, kwenye michezo ya kampuni za Waparsi, Wahindi wenye asili ya Uajemi, ambapo hakuna maikrofoni na yule aliyekaa siti ya nyuma kabisa naye kalipa hela yake, lazima akusikie. Kwahiyo wakaja nayo ile tabia mbele ya kamera, sauti kubwa, mikono inapepea, macho yanatoka. Dilip hakupita jukwaani. Ashok Kumar, staa mkubwa wa Bombay Talkies wakati ule, alimpa somo fupi tu, kwamba asiigize, afanye kile ambacho angekifanya yeye mwenyewe angekuwa kwenye hali ile. Akalishika hilo akalipeleka mbali kuliko mwalimu wake. Akaanza kuongea chini, karibu na kunong'ona, anakata sentensi katikati, ananyamaza, anamwangalia mwenzake, alafu ndo anamalizia. Maikrofoni iko pale inamsikia, sasa apige kelele za nini? Watu wanapenda kumtaja Marlon Brando, yule muigizaji wa Marekani, kwenye mambo haya ya kuigiza kwa utulivu na mimi Brando nampenda, ila Brando filamu yake ya kwanza ni ya 1950, Dilip ana miaka sita kazini tayari na alijifunzia huko huko studio.

Ukitaka kuona tofauti vizuri chukua Mughal-e-Azam ya 1960, ya dairekta K. Asif. Prithviraj Kapoor, yule yule aliyekuwa anachekwa na mzee Khan, anacheza Mfalme Akbar na sauti yake ni ngurumo ya mtu wa jukwaani hasa, ukumbi wote wa kifalme unajaa. Dilip ni mwanae Salim. Kijana mwingine angejaribu kushindana na ile sauti. Yeye anamjibu taratibu, shingo haitikisiki, na unaona kabisa mfalme ndo anayehangaika. Alafu kuna ile sehemu ya unyoya, Salim anampitishia mpenzi wake Anarkali unyoya mweupe usoni, kwa mbali Bade Ghulam Ali Khan anaimba, hakuna dayalogi, nyuso mbili tu. Anarkali ni Madhubala. Walipendana kweli kweli hawa wawili, alafu baba yake Madhubala akakataa binti asiende kushuti nje ya Bombay filamu ya Naya Daur, kesi ikafika mahakamani, Dilip akatoa ushahidi upande wa prodyuza, na kila kitu kikavunjika. Mughal-e-Azam ilikuwa bado haijaisha, wakawa wanakutana kwenye seti hawasemeshani. Mimi nikiwaonyesha wanafunzi ile sehemu nawaambia angalieni mkono wa Dilip tu, usoni mwake msitafute kitu.

Ila msifikiri utulivu ule ulikuja kwa kukaa tu. Kwa Deedar ya 1951, ambapo ni kipofu, alikwenda kumtazama ombaomba kipofu mtaani Bombay, anavyoelekeza uso wake. Kwa Kohinoor alijifunza kupiga sitar, ala ya nyuzi ya Kihindi, ili vidole visidanganye kwenye wimbo. Kwenye Gunga Jumna ya 1961, aliyoitoa mwenyewe na kumpa mdogo wake Nasir Khan nafasi ya ndugu askari, alitaka kufa kama mtu aliyechoka kweli, akakimbia kuzunguka studio mpaka pumzi ikakata ndo akaingia mbele ya kamera. Na alikuwa anafanya filamu chache, hazifiki 70 kwa zaidi ya miaka 50.

Na bei yake aliilipa. Baada ya Andaz, Deedar, Daag, Devdas, kufa na kulia kila mwaka, watu wakambatiza mfalme wa majonzi na yeye akaanza kuumwa kichwani kweli, usingizi hamna. Daktari wa akili London akamwambia aache huzuni kwa muda, acheze za kuchekesha. Ndo tukapata Azaad, Kohinoor na Ram Aur Shyam, na Pyaasa, nyingine ya huzuni, aliyopelekewa akaikataa. Hili wanafunzi wangu nalikazia sana kwasababu kuna vijana wanadhani kujiumiza ndo uigizaji, jamani hapana, mwili ni mmoja. Tuzo za Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, za muigizaji bora alichukua nane, ya kwanza kabisa kutolewa ni yake, kwa Daag, na zile za kuchekesha nazo zimo.

Miaka ya 70 alipumzika kama miaka mitano, akarudi 1981 kama mzee. Hapo ndo kuna Mashaal ya 1984, dairekta Yash Chopra. Yeye ni mhariri wa gazeti, wametupwa nje ya nyumba usiku, mkewe, Waheeda Rehman, anashikwa na maumivu barabarani. Anaanza kusimamisha magari kwa adabu ya mtu msomi, ae bhai, ndugu yangu simama. Gari linapita. Jingine linapita. Adabu inaanza kumtoka kidogo kidogo, anakimbia huku anarudi huku, sauti inapasuka, anaomba hata madirishani. Alikuwa na miaka 61 na ile ni sauti aliyoitunza miaka 40, ndo maana inakupiga vile.

Alifariki Mumbai tarehe 7 Julai 2021, ana miaka 98, mkewe Saira Banu waliyeoana 1966 yuko pembeni.

Kama hujawahi kumwona, anza na Madhumati ya 1958 kwasababu ni nyepesi kuingia, ina mzimu na nyimbo nzuri, alafu Gunga Jumna, alafu Mughal-e-Azam. Hiyo ya mwisho kuna kopi iliyopakwa rangi 2004, iacheni kwanza, tafuteni ile ya nyeusi na nyeupe yenye vipande vichache tu vya rangi, maana taa zilipangwa kwa ajili ya kivuli na uso wa Dilip unasomeka humo kwenye kivuli.