Kasuku wako anahitaji jua, lakini si kila jua

Msimu wa kaskazi unapokolea hapa Tanga, maofisa mifugo huulizwa mambo mawili kuhusu kasuku: wapo waliozidiwa na joto baada ya kuachwa uani, na wapo wanaoshikwa na degedege kwa kufungiwa ndani mwaka mzima.

Tuanze na hao wa ndani. Kioo cha dirisha huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno aina ya B, ambayo ndiyo humwezesha ndege kutengeneza vitamini D3. Akiikosa, mwili hauwezi kutumia kalsiamu ya chakula ipasavyo. Kasuku wa kijivu huathirika upesi, hasa anayelishwa alizeti tupu: hutetemeka, huanguka kijitini, hukakamaa. Hayo si mapepo. Tunaomba sana, acheni kumfukizia ubani. Moshi humuumiza mapafu na kumchelewesha kufika kwa daktari.

Mtoe kati ya saa mbili na saa nne kasoro asubuhi. Jua la saa kumi na mbili bado halina mionzi hiyo ya kutosha, na la mchana kati ya Desemba na Machi linaweza kumuua. Anza na dakika 10, ongeza polepole hadi 20 au 30, mara tatu au nne kwa wiki.

Wengi husema kasuku ni ndege wa nchi za joto, basi jua halimdhuru. Si kweli. Asili ya kasuku wa kijivu ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, ambako huchagua mwenyewe kukaa juani au kivulini, na wala hana tezi za jasho. Kwa hiyo nusu ya tundu ifunikwe kwa mkeka, na mkeka usogezwe kadiri jua linavyopanda. Usilitue tundu juu ya sakafu ya saruji wala kando ya ukuta wa bati. Maji yawe upande wa kivuli. Ukimwona anahema mdomo wazi na kuyaweka mabawa mbali na mwili, mwondoe juani mara moja, mnyunyizie miguu na chini ya mabawa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu. Asipotulia, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Waya mpya wa mabati una zinki, ambayo ni sumu kwake akiutafuna. Usugue kwa siki na brashi, kisha usuuze. Zungushia wavu wa pili, sentimita 10 kutoka kwenye tundu, ili kunguru na paka wasimfikie vidole. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo ya maji kuzuia siafu. Komeo la kawaida hulifungua kwa mdomo, hivyo tia kufuli. Mtu mzima asibanduke hapo.

Kukata mabawa si ulinzi. Upepo wa bahari humnyanyua hata huyo aliyekatwa, kisha hushindwa kuwakimbia kunguru. Mnyororo mguuni ni mbaya zaidi: akishtuka, mfupa huvunjika, nawe unaweza kujibu chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Kama una kuku, wachanjwe mdondo, na tundu likae mbali nao, kwani kasuku naye huambukizwa.

Sasa kibali. Kasuku wa kijivu yumo tangu 2017 katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha ya viumbe walio hatarini zaidi, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Hapa nchini, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, kumiliki mnyamapori bila kibali, awe hai au mfu, ni kosa la jinai, na adhabu yake ni pamoja na kifungo. Tunarudia kwa sababu tumechoka kuonyeshwa karatasi zisizohusika: risiti ya muuzaji si kibali, barua ya mwenyekiti wa mtaa si kibali, na kurithi ndege kwa mzazi hakukuondolei wajibu. Asiye na kibali afike ofisi ya wanyamapori mwenyewe, kabla ya kufuatwa. Mwenye nacho atunze nakala halisi nyumbani na abebe nakala kivuli yake kila anapomsafirisha ndege, hata kama ni kutoka Ngamiani kwenda Raskazone kwa daktari. Ndege akitoroka au akifa, toa taarifa kwa maandishi, ukitaja namba ya kibali.