Je, wajua kwa nini gari ya tabo hutaka ekzosi pana kuliko gari isiyo na tabo?

Jumamosi moja, kwenye gereji Mwanakwerekwe, Zanzibar, kijana alileta Mark II yake ya tabo. Nyuma alikuwa ameshafunga ncha ya ekzosi ambayo ngumi inaingia yote.

"Ami," alimwambia fundi, "gari imepata sauti, mbona haijapata mbio?"

Fundi akalala chini ya gari na tochi na utepe wa kupimia. Mwisho wa bomba, inchi 4. Kipande kinachoshuka kutoka kwenye tabo kilikuwa bado kile cha zamani, na pale kilipokunjwa kilikuwa kimeminyika kikabaki kama inchi 2. Akatoka akijifuta mikono. "Mwanangu, umebadilisha mdomo. Koo ni lile lile."

Kwa gari ya tabo, maneno hayo ndiyo jawabu lenyewe.

Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini ili ichome mafuta mengi zaidi kwa wakati mmoja. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili wazo hilo mwaka 1905. Shafti ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na wengi wanadhani kinachoizungusha ni nguvu ya moshi peke yake. Hasa kinachoizungusha ni tofauti ya presha kati ya pande mbili za feni ya moshi.

Angalia abiria wanavyoteremka bandarini Malindi boti ya Dar ikishafika. Walio nyuma wanasukuma, kila mtu na begi lake. Nje ya geti kukiwa kweupe, watu wanatoka mbio. Nje wakijazana madereva wa teksi, wachukuzi na wenyeji waliokuja kupokea wageni, foleni inaganda hata walio ndani wasukume vipi. Geti ndiyo feni ya tabo. Bomba la nyuma ndiyo ule uwanja wa nje.

Tuweke kwenye hesabu, kwa mfano tu. Kabla ya feni presha ni bar 2.4, na baada yake, kwa sababu bomba limebana, ni bar 1.4. Upande mmoja unauzidi mwingine mara 1.7. Panua bomba mpaka nyuma ibaki bar 1.1, na ile 1.7 inakuwa karibu 2.2, wakati injini haijaongezewa hata tone la petroli. Tabo inaamka mapema, na pistoni nazo zinapata nafuu kwa sababu hazihangaiki sana kuusukuma moshi nje.

Gari isiyo na tabo, tuseme IST, ina mambo yake. Moshi hutoka kwa mapigo, na kila pigo likipita kwa kasi huacha mvuto mdogo nyuma yake unaosaidia kutoa moshi wa silinda inayofuata. Bomba likiwa pana kupita kiasi, kasi inapotea na mvuto unakufa, ndipo gari inakuwa nzito kuondoka. Hapo ndipo lilipotoka lile neno la gereji kwamba "injini lazima ibanwe kidogo nyuma". Si kweli. Hakuna injini inayofaidika na kubanwa. Inayotakiwa ni kasi ya moshi. Na kwenye gari ya tabo, feni imeshayavunja yale mapigo, kwa hiyo baada yake hakuna cha kulinda. Kinachobaki ni kufungua njia.

Basi pesa ianze kutumika wapi? Kwenye kipande kinachoshuka kutoka kwenye tabo, ambacho mafundi wanakiita daunipaipu. Hapo moshi ni wa moto kuliko sehemu yoyote ya nyuma, umetanuka, na unatoka ukizunguka. Kutoka inchi 2.5 kwenda 3 ni nusu inchi tu, lakini njia inapanuka kwa asilimia 44. Kwa injini ya lita 2 au 2.5 ya kutembelea barabarani, inchi 3 inatosha kabisa. Mkia unaweza kurudi 2.5 bila hasara kubwa, kwa sababu moshi ukifika huko umeshapoa na umejikusanya. Mwambie fundi asilikunje bomba mpaka likabonyea. Kona moja iliyobonyea inaharibu yote. Na asiache kuweka fleksi, kile kipande cha bomba kinachonesa, maana injini inatikisika na bomba gumu litapasuka kwenye weldi.

Halafu kuna masega, yaani kile kipande cha ekzosi chenye vitundu kama sega la nyuki kinachosafisha moshi. Vijana wengi huyang'oa kabisa, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mji wetu watu wanakaa barazani, moshi unapita usawa wa pua za watoto na wazee. Ya kiwandani mara nyingi yana vitundu 400 au zaidi kwa kila inchi ya mraba. Yapo ya chuma yenye vitundu 200 yanayopitisha moshi vizuri na bado yanasafisha. Yanagharimu, ndiyo. Lakini tofauti ya nguvu kati yake na bomba tupu kwa gari ya kawaida ni ndogo.

Jambo la kuogopa hasa ni hili. Tabo ina kijilango cha kupitishia moshi pembeni ili presha ya hewa inayoshindiliwa kwenye injini isizidi. Ukifungua njia ya nyuma ghafla, kijilango kidogo cha kiwandani kinaweza kuzidiwa, presha ikapanda kuliko ilivyopangwa. Ukiwa na bahati, kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, inakata mafuta na gari inashtuka kama imepigwa teke. Ukikosa bahati, injini inaanza kugonga na pistoni inatoboka. Kwa hiyo funga geji ya presha kabla ya kufunga bomba, na baada ya kufunga mpelekee mtu anayejua kupanga upya kontrolboksi.

Sisi wa visiwani tuna adui mwingine, nao ni kutu. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji kama mvuke. Safari fupi za Darajani na kurudi Amani hazilipashi moto bomba likakauka, kwa hiyo maji yanalala ndani ya sailensa, na nje upepo wa chumvi unakula upande wake. Ndiyo maana sailensa nyingi zina kitundu kidogo chini, cha kutolea maji. Nimeona kikizibwa kwa weldi, fundi akidhani panavuja. Sailensa ile ikaoza tumbo. Ukinunua, uliza stenlesi ya daraja 304, na nenda na sumaku mfukoni. Ile 304 sumaku haiishiki, labda kidogo sana kwenye mikunjo. Ikinata kwa nguvu, umeuziwa chuma kingine.

Mwisho, urefu kutoka chini. Bomba la inchi 3 linaning'inia kuliko la zamani, na njia ya Paje inapita msitu wa Jozani, penye matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju. Kabla fundi hajafunga weldi za mwisho, pakia watu wanne na mizigo, gari ilale kama inavyolala safarini, kisha mwambie apime nafasi iliyobaki chini ya bomba.