Kula wanga kidogo ukiwa na kisukari aina ya kwanza: maana yake na ubora wa maisha

Kula wanga kidogo ni kupunguza vyakula vinavyogeuka sukari mwilini, hasa nafaka, viazi na vinywaji vitamu, na badala yake mtu akashiba kwa mboga za majani, mayai, samaki, nyama na mafuta. Kwa kawaida huhesabiwa ni wanga kidogo mtu anapokula chini ya gramu 130 kwa siku. Wapo wanaoshuka hadi chini ya 50.

Kwa mwenye kisukari aina ya kwanza, jambo hili lina uzito wa pekee. Kinga ya mwili wake imeharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, hivyo kila anapokula wanga hana budi kukadiria kiasi chake na kujichoma dozi inayolingana. Makosa huingia hapo. Tuseme anahitaji uniti 1 ya insulini kwa kila gramu 10 za wanga, na uniti hiyo humshushia sukari kwa 2.5 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu). Akidhani sahani ina gramu 90 kumbe zimo 72, amejizidishia karibu uniti 2. Alikuwa na sukari ya 7, sasa yuko karibu na 2.5: jasho linamtoka, mikono inatetemeka, mawazo yanavurugika. Akikosea kwa uwiano uleule kwenye mlo wa gramu 20, ziada haifiki hata nusu uniti.

Faida yenyewe ndiyo hiyo: sukari haipandi na kushuka kwa kasi, na hofu ya kushukiwa na sukari usiku inaweza kupungua. Mtu aliyewahi kuamka saa tisa usiku akipapasa gizani kutafuta kitu kitamu anajua usingizi mtulivu una thamani gani.

Lakini ubora wa maisha hausomwi kwenye kipimo cha sukari peke yake. Kuna anayepata namba nzuri huku akikwepa kula na wenzake, au akiogopa chakula chenyewe. Kwangu mimi huyo bado hajapata nafuu, na hali hiyo inastahili kuzungumzwa kliniki kama zinavyozungumzwa namba.

Tena wanga kidogo si ruhusa ya kuacha sindano. Insulini ya msingi, ile inayofanya kazi taratibu mchana na usiku hata bila chakula, haikatwi hata siku ambayo wanga haujaliwa kabisa, kwani ikikosekana, asidi ya ketoni, itokanayo na mwili kuchoma mafuta, hujaa kwenye damu na inaweza kuua, wakati mwingine sukari ikiwa haijapanda sana. Protini nayo hupandisha sukari taratibu, saa kadhaa baada ya kula. Dozi zipangwe upya na daktari kabla ya kuanza, na sukari ya dharura, kama gramu 15, isikose mfukoni. Kwa mtoto tahadhari iwe kubwa zaidi: asipunguziwe wanga bila usimamizi wa wataalamu, na urefu na uzito wake ufuatiliwe, maana bado anakua.